Joho la sufu la karne ya 14: kitambaa kikandwe kwanza, mkasi baadaye

Swali la msomaji: Mimi ni fundi cherehani, nilijifunza kazi Tanga na sasa ninaishi Göteborg, Uswidi. Nimejiunga na kikundi kinachovaa na kuishi kwa siku chache kama watu wa karne ya 14, na sharti lao ni kwamba mishono yote iwe ya mkono. Nimenunua mita tatu za sufu ya kahawia yenye upana wa sentimita 150 ili nishone joho la mwanamke, lakini kitambaa kinachambuka nyuzi kila nikigusa ukingo. Je, nikipige ovaloki kabla ya kuanza? Nikikate vipi, nitumie uzi gani, na nitie bitana? Kimo changu ni sentimita 168.

Jibu: Dada yangu, usikipige ovaloki, na mkasi uweke kando kwanza. Katika barua yako jambo zito kuliko yote ni hilo la nyuzi kuchambuka, kwa sababu maswali yako mengine, la mkato, la uzi na hata la bitana, yanategemea hali ya kitambaa. Sufu nzuri iliyoshonewa majoho ya karne ya 14 haikuchambuka namna hiyo. Ilitoka kwa mfumaji ikiwa imelegea na nyuzi zake zikionekana moja moja, kama yako, kisha ikapelekwa kukandwa kwa maji, na hapo ndipo ilipokuwa kitambaa cha kuvaliwa. Vitambaa vingi vinavyouzwa leo havijapitia hatua hiyo, au vimeipitia kidogo tu, kwa hiyo kazi hiyo imebaki mikononi mwako.

Ukiwa fundi uliyelelewa na pamba, nakuomba uangalie tofauti hii kwa makini. Kanga na kitenge huchambuka ukingoni leo, kesho na mwaka ujao, na ndiyo maana mkono wako umezoea kupinda kila ukingo bila hata kufikiri. Unywele wa sufu una magamba madogo sana yaliyopangana kuelekea upande mmoja. Ukiutia katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kuusukasuka, magamba hayo hukamatana na ya unywele wa jirani na hayaachiani tena. Kitambaa hupungua urefu na upana, huongezeka unene, na nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) hushikana hata usiweze kuzivuta. Pamba na kitani hazina magamba hayo, kwa hiyo hakuna kiasi cha kufua kitakachozipa tabia hiyo.

Katika Ulaya ya zama hizo ukandaji ulikuwa ufundi unaojitegemea, wenye watu wake na ada zake. Wakandaji walikanyaga kitambaa kwa miguu ndani ya mapipa yenye maji na udongo laini unaonyonya mafuta, na mahali pengine walitumia mkojo uliochacha kuondoa mafuta ya kondoo. Kufikia karne ya 12 kazi hiyo ilikuwa imeanza kufanywa na vinu vya maji vilivyoinua na kuangusha nyundo nzito za mbao. Hesabu ya mali ya watawa-askari wa Templar nchini Uingereza, iliyoandikwa mwaka 1185, tayari inataja vinu vya aina hiyo. Kitambaa kilichokandwa kilivutwa kwenye fremu ndefu zenye kulabu kikauke kikiwa kimenyooka, kikachanwa kwa vichwa vya mmea wenye miiba hadi malaika, yaani vinyweleo laini vya uso wa kitambaa, yasimame, kisha malaika hayo yakakatwa kwa mikasi mikubwa mpaka uso ukawa laini. Miji ya Flanders kama Ypres, Ghent na Bruges ilitajirika kwa kazi hizi, ikitumia sufu iliyonunuliwa Uingereza. Ninakueleza haya kwa sababu mtu akiiga umbo la joho la kale na kuacha kukikanda kitambaa, nguo yake itakuwa na sura ya zamani lakini italegea, itachambuka na kupitisha upepo kama shuka.

Kabla ya kulowesha chochote, hakikisha kwamba ulichonunua ni sufu. Chomoa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, kisha uchome kila mmoja peke yake juu ya sinki. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na huacha jivu jeusi linalovunjika kati ya vidole, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Ukipata punje hiyo katika uzi wowote kati ya hiyo miwili, kitambaa hakitakandika vizuri hata ukihangaika nacho mchana kutwa, na ushauri wangu ni kukiwekea matumizi mengine.

Kikiwa sufu tupu, kata kipande cha sentimita 30 kwa 30 kutoka pembe moja ya kitambaa na ukitie katika mashine ya kufulia kwa nyuzijoto 40 pamoja na taulo mbili, au ukikande beseni kwa mikono na sabuni. Kikikauka kipime pande zote mbili, kikate katikati, halafu usugue ukingo mpya kwa kidole gumba. Ukiona nyuzi bado zinajitokeza, rudia. Unapofika mahali ambapo ukingo unabaki mzima na mistari ya ufumaji imefichika chini ya malaika, lakini kitambaa bado kinalainika mkononi, umefika pale unapopataka. Ukivuka hapo kitakuwa kigumu kama zulia na hakitaangukia mwili vizuri. Tuseme kipande chako cha 30 kimekuwa 27. Kitambaa chote nacho kitapungua sehemu ya kumi, na mita zako tatu kwa sentimita 150 zitakuwa takriban sentimita 270 kwa 135. Weka vipimo hivyo akilini, kwa sababu joho lako linaenea ndani yake, ingawa kwa nafasi ndogo sana.

Unapokanda kitambaa chote, kikunje kwa urefu na upige bandi (mishono ya muda) kubwa kubwa kuunganisha kingo zake mbili ndefu, ili kisijiviringe na kufanya mikunjo isiyotoka. Mashine inafaa. Beseni kubwa la kuogea na miguu yako vinafaa zaidi, kwa kuwa unaweza kusimama kila baada ya robo saa na kukagua. Ukandaji ukishapita kiasi hakuna njia ya kuurudisha nyuma. Kisuuze kwa maji yenye joto lilelile, usikikamue kwa kukisokota, kitandaze mahali tambarare na ukivute kwa mikono mpaka kingo zinyooke. Rangi ya kahawia huenda ikatoka kidogo, kwa hiyo usikichanganye na nguo nyingine.

Huenda wenzako wa kikundi watakuuliza ushahidi wa kuacha ukingo bila kuupinda. Upo. Katika takataka za karne ya 14 zilizofukuliwa London kwenye gati la Baynard's Castle, walipata vipande vingi vya sufu iliyokandwa, vikiwemo vya kofia za kufunika mabega zilizokatwa madoido ya majani na meno pembezoni, na kingo hizo ziliachwa kama mkasi ulivyozipitia. Urembo wa namna hiyo usingewezekana katika kitambaa kinachochambuka. Wewe una bahati zaidi kuliko wasomaji wangu wengi, kwa kuwa katika Varberg, mji wa pwani ulio kusini mwa Göteborg, jumba la makumbusho ndani ya ngome linahifadhi nguo za mtu wa Bocksten, aliyekutwa mwaka 1936 katika bwawa la mboji akiwa amechomekwa kwa miti. Nguo zake za sufu, yaani joho, kanzu, kofia yenye mkia mrefu na soksi za miguu mizima, zimesalia karibu zote, kwa sababu maji yenye asidi ya mabwawa hayo huhifadhi sufu lakini huozesha kitani. Nenda ukalitazame joho lile ana kwa ana kabla ya kukata lako. Picha hazionyeshi unene wa kitambaa, na unene ndio unaoutafuta.

Sasa mkato. Umbo linalokufaa ni nusu duara, umbo lililovaliwa na wakubwa na wadogo kwa karne nyingi, na lina fadhila moja kubwa kwa mshonaji wa mkono, nayo ni kwamba halina mshono hata mmoja wa kuunganisha iwapo kitambaa ni kipana vya kutosha. Joho lote ni kipande kimoja chenye kingo. Kwa sababu hiyo cherehani isingekupunguzia kazi kubwa hata kama ingeruhusiwa.

Kwa kimo chako, joho linaloishia katikati ya shavu la mguu linahitaji karibu sentimita 115 kutoka shingoni kwenda chini. Shingo yenyewe ni nusu duara ndogo. Nusu kipenyo cha sentimita 14 kinakupa ukingo wa shingo wa sentimita 44. Jumla, nusu kipenyo cha joho ni 129, na kitambaa unachohitaji ni 258 kwa 129, vinavyoingia ndani ya 270 kwa 135. Tandaza kitambaa sakafuni, upande mrefu ulio salama na usiopinda uwe ndio mstari ulionyooka wa nusu duara, nao utakuwa kingo zako mbili za mbele. Tafuta katikati ya mstari huo. Usitumie kamba ya pamba kuchora duara, kwa kuwa hurefuka ukiivuta. Shikilia tepu ya kupimia pale katikati, uizungushe, na uweke alama ya chaki kila baada ya sentimita kumi kwenye 129, kisha uunganishe alama. Shingo ikate ndogo kwanza, kwa nusu kipenyo cha 12, ambacho ni ukingo wa sentimita 38 hivi. Shingo iliyobana unaweza kuiongeza, iliyopanuka huna la kuifanya.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka joho limekwisha. Katika mkato huu nyuzi za mtande hupita wima kwenye kingo zote mbili za mbele, lakini upande mmoja zinateremka na mwingine zinapanda, ilhali mgongoni katikati zinalala mlalo. Kitambaa chenye malaika marefu yaliyolazwa upande mmoja kitaonekana cheusi zaidi kifuani kulia kuliko kushoto, au kinyume chake. Baada ya kukanda, pitisha kiganja kwenda na kurudi: ukihisi upande mmoja unateleza na mwingine unakwaruza, kipige mvuke na kukichana kidogo pande zote hadi tofauti ipungue. Mabegani nako, kati ya mbele na mgongo, kitambaa huning'inia mshazari, na mshazari hurefuka. Kwa hiyo ukishakata, livalishe joho sanamu ya kushonea au lining'inize kwenye kitu kipana kama bega kwa siku mbili kabla ya kusawazisha pindo la chini, kisha pima kutoka sakafuni kuzunguka lote na ukate palipoteremka. Kitambaa kilichokandwa vyema kitateremka kidogo tu.

Ukingo wa chini utakuwa na urefu wa mita nne na sentimita tano hivi. Njia ya kwanza, ninayoipenda kwa kitambaa kilichokandika hasa, ni kuuacha ulivyo, huku ukiushikiza kwa mstari mmoja au miwili ya mishono midogo inayopita ndani ya unene wa kitambaa bila kutokeza upande wa nje. Mbinu ya kuficha uzi ndani ya unene inaonekana katika nguo za Herjolfsnes, kusini mwa Greenland, zilizofukuliwa mwaka 1921 na Poul Nørlund na sasa ziko Copenhagen, na ni ya kupendeza kuifanya, ingawa inahitaji mwanga wa mchana. Njia ya pili ni kupinda mara moja tu, sentimita moja, na kushikiza kwa mshono wa kuzungushia ukingoni. Usipinde mara mbili kama ulivyozoea kwenye pamba, kwa sababu sufu nene itakuwekea uvimbe kuzunguka miguu. Usipinde pana pia: katika nusu duara, kila sentimita ya upindo huleta ziada ya sentimita sita hivi ya kitambaa kwenye ukingo, na ziada hiyo ya upindo wa sentimita moja utaimeza kwa mvuke wa pasi na kitambaa kibichi, lakini ya upindo wa sentimita tatu itakuachia mikunjo ambayo jicho haliwezi kuikwepa. Kwa mishono mitatu katika kila sentimita, pindo hilo lina mishono ipatayo 1,200. Ni kazi ya jioni kadhaa za utulivu.

Uzi uwe wa kitani au wa sufu. Uzi wa kitani uwe mwembamba, wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, uupitishe mara mbili juu ya nta ya nyuki kisha uupige pasi ndani ya karatasi ili nta iingie na isiache madoa. Ukate mfupi, usizidi urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni, kwa kuwa kitani kirefu husuguliwa kila kinapopita na hukatika kabla hujafika mwisho. Uzi wa sufu unaweza kuuchomoa kwenye kitambaa chenyewe kabla ya kukikanda, katika mwisho wa mtande ambako ni imara zaidi; rangi itashabihiana kabisa, nao ndio uzi uliotumika katika nguo za Greenland. Mimi ningetumia sufu kwenye pindo la chini, ambako uzi unapaswa kunyumbuka na kitambaa, na kitani shingoni, ambako hutaki kitu chochote kinyumbuke. Sindano iwe fupi na kali, na subana usiikose. Unene huu utatoboa kidole chako kabla ya kumaliza robo ya kazi.

Shingo ndiyo sehemu ya kushughulikiwa kwanza, mara tu baada ya kukata na kabla hujalining'iniza, kwa kuwa mzunguko wake hupita kwenye mshazari na uzito wa joho zima huuvuta. Piga bandi fupi kuzunguka, nusu sentimita kutoka ukingoni, ukilinganisha urefu na kipimo chako. Ukisharidhika na shingo, ishonee utepe mwembamba wa kitani au hariri upande wa ndani, uliokatwa kufuata uzi ulionyooka na si mshazari. Upande mmoja ushikize kwa mshono wa kurudi nyuma, ugeuze ndani, na upande wa pili uushikize kwa mshono wa kuzungushia. Tepe za hariri za namna hii zimo pia katika vipande vya London, zimeshonwa kwenye kingo za nguo ambazo zingevutika.

Kwa upande wa kufunga, mwanamke wa heshima wa wakati huo hakubana joho kooni. Litazame sanamu la bibi mtukufu Reglindis katika kanisa kuu la Naumburg, Ujerumani, la katikati ya karne ya 13: joho limekaa wazi mabegani na kamba inapita kifuani, na yeye ameishika kwa mkono, jambo ambalo wachongaji wa zama hizo walilipenda sana. Mkao huo una sababu yake. Nusu duara hulemea nyuma, na kamba iliyofungwa shingoni itakukaba baada ya saa moja. Weka matundu ya kamba kwenye kingo za mbele, kama sentimita kumi chini ya pembe ya shingo, uyazungushie uzi kwa karibu kama tundu la kifungo, na nyuma yake ushonee kipande cha mviringo cha sufu ileile kiwe nguvu. Kamba isuke kwa vitanzi vya uzi vilivyovikwa vidoleni, ufundi ambao mabaki yake yamo pia katika ardhi ya London, na uache nafasi ya sentimita 20 hadi 25 kati ya ukingo na ukingo. Joho lifungwalo begani kulia, kama la yule mtu wa Bocksten, ni la mwanamume, ingawa kwa msafiri mwanamke silikatai.

Bitana nakushauri uiache. Sufu iliyokandwa hufukuza mvua nyepesi na upepo bila msaada, na nusu duara yako, ikiwa kitambaa kina uzito wa gramu 500 kwa mita ya mraba, tayari itakuwa na kilo moja na gramu 300 hivi. Ukitia bitana ya sufu nyingine utalemea mabega na utaficha ukingo uliouhangaikia. Isitoshe, bitana na manyoya vilitangaza cheo: sheria ya mavazi ya Uingereza ya mwaka 1363 iligawa vitambaa na manyoya kwa kila tabaka, ikawaachia wakulima na wachungaji sufu nzito ya bei ya chini isiyozidi peni 12. Joho la kahawia lisilo na bitana litakuweka mahali pa mke wa mkulima mwenye chakula cha kutosha au wa fundi wa mjini, na hapo rangi, kitambaa na mshono wako vitaelewana. Ikiwa kikundi kimekupa nafasi ya mke wa mfanyabiashara tajiri, tatizo lako litakuwa rangi kabla ya bitana, maana ungehitaji nyekundu au buluu iliyokolea.

Pembe mbili zitakazobaki baada ya kukata nusu duara usizitupe. Katika ile ambayo hukukata kipande cha majaribio hutoka mraba wa sentimita 37 na vipande vya pembetatu pembeni, na hivyo vinatosha kushonea kofia ya kufunika kichwa na mabega, ukiunga vipande hapa na pale. Kuunga hakutakushushia hadhi mbele ya wenzako. Kitambaa kilikuwa ghali, na nguo za zama hizo zimejaa viraka vya mkato vilivyoingizwa mahali ambapo upana haukutosha. Unga kwa kukutanisha kingo bila kuzilaza moja juu ya nyingine, pitisha uzi wa sufu kutoka upande mmoja kwenda mwingine ndani ya unene, halafu upige mvuke na kugonga mshono kwa kipande cha ubao hadi usawazike.